Arthur Wavell: Shahidi wa Vita Aliyeangukia Mwele

Utangulizi

Historia ya pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Likoni hadi Vanga, aghalabu husimuliwa kwa kutaja majina machache: watawala wa Vumba Kuu, Wamazrui wa Gazi, na wamishonari na wafanyabiashara waliopita Shimoni. Jina la Arthur John Byng Wavell halitajwi sana, ilhali ni mmoja kati ya wageni ambao maisha yao yalifungamana na lugha ya Kiswahili kwa namna isiyo ya kawaida. Kiswahili ndicho kilichomfikisha Makka akiwa amejificha, na ujuzi wake wa watu wa Mombasa ndio uliompa kikosi cha askari. Hatimaye, milima ya Shimba katika Kwale ndiko alikopotezea roho yake, tarehe 9 Januari 1916.

Wavell hakuwa mwandishi wa gazeti kwa kazi yake. Hata hivyo, katika miaka michache aliandika habari za mapigano aliyoyaona kwa macho yake katika Bara Arabu, kwanza nje ya kuta za Madina na baadaye ndani ya Sanaa iliyozingirwa. Makala haya yanadhamiria kueleza maisha yake, kupima thamani ya ushahidi wake, na kuangalia jinsi mtu aliyezoea kushuhudia vita vya wengine alivyogeuka kuwa mpiganaji katika vita vya majirani wawili, yaani himaya ya Waingereza na himaya ya Wajerumani, vilivyopiganwa juu ya ardhi ya Wadigo.

Kuzaliwa na ujana wake

Wavell alizaliwa mwaka 1882 katika ukoo wa Kiingereza uliozoea kazi ya jeshi. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi, na binamu yake, Archibald Wavell, alikuja kupata umaarufu mkubwa zaidi: ndiye aliyekuwa jemadari wa majeshi ya Uingereza huko Mashariki ya Kati wakati majeshi yaliyotoka Afrika Mashariki yalipowatoa Waitalia Somalia na Ethiopia mwaka 1941, kisha akawa mwakilishi wa mfalme nchini India. Umaarufu huo wa binamu ndio uliofunika jina la Arthur, hata watu wengi wanaposikia jina la Wavell humfikiria mwingine.

Kijana huyo alisomea uafisa katika chuo cha Sandhurst, akaingia katika rejimenti ya Welsh, na akapelekwa Afrika Kusini wakati wa vita kati ya Waingereza na Makaburu vilivyopiganwa kuanzia mwaka 1899 hadi 1902. Vita vilipokwisha alibaki katika sehemu hizo akifanya kazi za kupeleleza na kuchora ramani za nchi ambazo wakoloni walikuwa hawajazifahamu vyema. Kazi ya namna hiyo humfundisha mtu mambo mawili: kutazama kwa makini na kuandika alichokitazama bila kupamba. Mafunzo hayo yalionekana baadaye katika maandishi yake.

Mwaka 1906 aliacha utumishi wa jeshi na kuja pwani ya Afrika Mashariki, akaanzisha shamba la mkonge karibu na Mombasa. Mji huo wakati ule ulikuwa chini ya utawala wa Waingereza, lakini ukanda wa pwani ulihesabiwa bado kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na bendera yake nyekundu iliendelea kupepea. Reli ilikuwa imekwisha kufika ziwani mwaka 1901. Bandarini walikutana Waswahili wa mitaa ya Mji wa Kale, Wamijikenda walioleta mazao kutoka bara, Wahindi, Wabaluchi, na Waarabu wa Hadhramaut waliojulikana kama Washihiri. Ni katika mazingira hayo ambapo Wavell alijifunza Kiswahili na Kiarabu, si kwa kukariri vitabu tu bali kwa kuishi na wasemaji.

Kiswahili kama kivuli cha kujifichia

Mnamo mwaka 1908 Wavell aliamua kwenda Makka. Mji huo mtakatifu hauruhusiwi kwa asiye Mwislamu, na Wazungu wachache waliowahi kuuingia walifanya hivyo kwa kujificha. Aliye maarufu zaidi kati yao ni Richard Burton, aliyefika huko mwaka 1853 na ambaye miaka minne baadaye alipita Mombasa na Tanga akielekea maziwa makuu.

Jambo la kuvutia kwa mwanafunzi wa Kiswahili ni vazi la utambulisho ambalo Wavell alilichagua. Hakujifanya Mturuki wala Mhindi. Alisafiri akiwa na hati iliyomtaja kuwa mtu wa Zanzibar mwenye jina la Ali bin Mohamed. Uteuzi huo ulikuwa na hekima yake. Kiarabu chake kilikuwa na kasoro, na kama angejidai kuwa Mwarabu wa Shamu au Misri, angeumbuka kwa maneno machache tu. Mswahili, kinyume chake, hakutarajiwa kusema Kiarabu kama mwenyewe. Kosa la matamshi au la sarufi lingesamehewa, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba watu wa Zanzibar wana lugha yao. Isitoshe, Waswahili ni watu wa rangi nyingi, tangu weupe wa asili ya Arabuni hadi weusi wa bara, na kwa hiyo hata sura yake haikulazimu kuzua maswali. Mahujaji wengi wa Shamu na Hijazi hawakukijua Kiswahili, hivyo ni wachache ambao wangeweza kumjaribu kwa lugha hiyo.

Hatari kubwa ilibaki mahali pamoja: kukutana na Mswahili halisi. Kila mwaka mahujaji kutoka Zanzibar, Mombasa na Lamu walifika Hijazi, na yeyote kati yao angeweza kumuuliza kuhusu mtaa wake, mwalimu wake wa chuoni au jamaa zake. Katika hali hiyo kinga yake kuu ilikuwa mwenzake wa safari, Masaudi, Mswahili wa Mombasa. Wa tatu katika msafara alikuwa Abdul Wahid, Mwarabu wa Aleppo. Masaudi ndiye aliyekuwa ushahidi ulio hai wa madai ya bwana wake, kwani hakuna aliyetilia shaka kwamba yeye mwenyewe ni mtu wa pwani. Kwa maneno mengine, Wavell alifika alikofika akiwa amebebwa na lugha ya wengine na heshima ya mtu mwingine.

Masaudi anajulikana kwetu kupitia kitabu cha bwana wake tu. Hali hiyo inafaa kulinganishwa na ile ya Waswahili wengine wa zama hizo waliosafiri na Wazungu na kusimulia wenyewe. Selim bin Abakari, kwa mfano, alifuatana na Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na masimulizi yake yaliingizwa katika mkusanyo wa safari za Waswahili uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901. Laiti Masaudi naye angepata mtu wa kumwandikia, tungekuwa na hija ile ile iliyosimuliwa na macho mawili tofauti, na pengine tungejua Mswahili yule alifikiri nini juu ya siri aliyoombwa kuitunza mahali patakatifu.

Madina: habari ya kwanza ya vita

Wasafiri hao watatu walitoka Damascus kwa gari moshi la reli ya Hijazi, ambayo ilikuwa imefunguliwa hadi Madina mnamo Septemba 1908. Mwaka huo ulikuwa wa misukosuko katika dola ya Uthmaniya. Mwezi wa Julai maafisa vijana wa Kituruki walikuwa wamemlazimisha Sultani Abdul Hamid wa Pili kuirejesha katiba, na mwezi wa Novemba Hussein bin Ali aliteuliwa kuwa Sharifu wa Makka.

Reli mpya iliwafurahisha mahujaji lakini iliwaudhi Mabedui. Kwa karne nyingi makabila hayo yaliishi kwa kukodisha ngamia na kupokea malipo ili misafara ipite salama katika nchi yao. Gari moshi liliwapokonya tonge mdomoni. Kutokana na hali hiyo, msimu ule wa hija mapigano yalizuka kati yao na askari wa Kituruki nje ya Madina, na mahujaji wakajikuta ndani ya mji huku risasi zikisikika nje ya kuta.

Wavell aliyashuhudia hayo na kuyaandika. Ushahidi wake una thamani kwa sababu mbili. Kwanza, haukutoka katika taarifa za serikali, bali katika barabara na nyumba za wageni, alikokaa kama mhujaji wa kawaida. Pili, hakuridhika na kusema kwamba Mabedui ni wanyang'anyi, kama walivyozoea kusema Wazungu wengi wa wakati wake. Alionyesha kwamba ugomvi ulikuwa na chanzo chake katika riziki. Baada ya hapo safari iliendelea kwa msafara wa ngamia hadi bandari ya Yanbu, kisha kwa meli hadi Jidda, na hatimaye Makka. Huko alishiriki hija, akasimama Arafa pamoja na umma mkubwa wa watu, akarudi salama.

Sanaa: mwandishi ndani ya mzingiro

Mafanikio ya Makka yalimtia hamu ya safari nyingine. Mwaka 1910 alielekea Yemeni, nchi ambayo Waturuki waliikalia tena tangu mwaka 1872 bila kuwahi kuwatuliza watu wa milimani. Wafuasi wa madhehebu ya Zaidi walimtii imamu wao, si Sultani wa Istanbul. Miaka michache tu kabla ya hapo, mwaka 1905, wafuasi wa Imamu Yahya waliuzingira mji wa Sanaa hadi njaa ikaua maelfu ya wakazi wake na askari wa Kituruki wakalazimika kuuachia. Waturuki waliurudia baadaye, lakini uadui ulibaki kama moto chini ya jivu.

Mnamo Januari 1911 moto huo uliwaka upya. Wapiganaji wa Imamu Yahya waliuzunguka mji, na Wavell akawa miongoni mwa waliofungiwa ndani. Mzingiro uliendelea hadi mwanzoni mwa Aprili, wakati jeshi lililoongozwa na Ahmed Izzet Pasha lilipopanda kutoka pwani na kuukomboa mji. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo pande mbili zilitia saini mapatano ya Daan, ambayo yalimpa Imamu mamlaka makubwa juu ya Wazaidi.

Hapa ndipo Wavell alipofanya kazi ambayo leo ingeitwa ya mwandishi wa vita. Sanaa ni mji wa juu milimani, wenye kuta na nyumba ndefu za orofa nyingi, na wakati ule Mayahudi walikuwa na mtaa wao upande mmoja. Mtu aliyekuwa ndani ya mji kama huo hakuweza kuona vita vyote. Aliona alichokiona kutoka ukutani, na mengine aliyasikia sokoni, ambako uvumi huenda mbio kuliko risasi. Ugumu wa mwandishi wa aina hiyo ni kutenganisha kilichotokea na kinachosemwa kuwa kimetokea, na kujua wanaosema wana maslahi gani. Wavell alikuwa na faida ya kuwa askari wa zamani, kwa hiyo aliweza kupima idadi, umbali na nguvu za silaha bila kutegemea majigambo ya upande wowote.

Hata hivyo, kazi yake haikukosa doa. Maafisa wa Kituruki walimshuku. Mwingereza anayezungumza Kiarabu, aliyewahi kuwa jeshini na ambaye anasafiri kwa kujificha katika nchi yenye uasi, angewezaje kutoshukiwa kuwa jasusi? Walimweka chini ya ulinzi na mwishowe wakamkamata na kumtoa nchini. Yeye alilalamika sana juu ya jambo hilo, na malalamiko hayo yamo ndani ya kitabu chake. Lakini msomaji wa leo anaweza kuziona hoja za pande zote mbili. Yule aliyeficha jina lake ili aingie Makka hakuweza kushangaa alipokosa kuaminiwa huko Sanaa. Ukweli wa alichokiandika ulisimama juu ya msingi wa udanganyifu, na mvutano huo ndio unaofanya maandishi yake yazue mjadala hadi leo.

Kitabu chake, kiitwacho A Modern Pilgrim in Mecca and a Siege in Sanaa, kilichapishwa London mwaka 1912. Lugha yake ni nyepesi, imejaa mambo madogo madogo ya safari na ya maisha ya watu, na haina majivuno mengi. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, umuhimu wake mkubwa ni kwamba unamwonyesha Mswahili akitambuliwa katika ulimwengu wa Kiislamu kama mtu mwenye nchi yake, lugha yake na desturi zake, miaka mingi kabla ya mataifa ya leo kuzaliwa.

Mpaka uliokata nchi ya Wadigo

Wavell aliporudi Mombasa, wengi hawakutarajia kwamba vita vingebisha hodi mlangoni. Mpaka kati ya himaya mbili ulikuwa umekubaliwa huko Ulaya mwaka 1886: mstari kutoka karibu na mlango wa mto Umba, ukipanda kaskazini magharibi hadi Kilimanjaro na kuendelea hadi Ziwa Viktoria. Mstari huo uliwakata Wadigo vipande viwili, wengine wakawa Kwale chini ya Waingereza na wengine Tanga chini ya Wajerumani. Watu waliooana, waliozikana na waliosali pamoja wakawa raia wa mataji mawili yasiyowahusu.

Milima ya Shimba ilikuwa imekwisha kuonja vita. Ngome ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi ilikuwa Mwele, na ilishambuliwa na kutekwa na Waingereza mnamo Agosti 1895. Mwaka uliofuata Mbaruk alivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani, akafa Dar es Salaam mwaka 1910. Tangu wakati huo mpaka ule ulijulikana kwa wenyeji kuwa mlango wa kukimbilia. Mwaka 1914 uligeuka kuwa mlango wa kuingilia adui.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwezi wa Agosti, himaya ya Waingereza haikuwa na askari wa kutosha pwani. Baadhi yao walikuwa wakipambana na Wagiriama huko kaskazini ya Mombasa, katika upinzani unaofungamana na jina la Mekatilili wa Menza. Wavell alijitolea kuunda kikosi cha Waarabu wa Mombasa, wakiwemo Washihiri waliokuwa wakifanya kazi za mikono mjini. Kikosi hicho kilijulikana kama Arab Rifles. Hawakuwa askari wa kazi, na waliomfuata walimfuata kwa kuwa alijua lugha yao na adabu zao. Ujuzi ule ule uliomwezesha kukaa kati ya mahujaji bila kutambulika sasa ulimwezesha kuwaita watu vitani.

Mapigano ya Vanga, Gazi na Jasin

Mnamo Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka na kuelekea kaskazini kando ya bahari, wakinuia kuikaribia Mombasa. Wakati huo huo manowari yao Königsberg ilikuwa baharini, na tarehe 20 Septemba iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar. Hofu ilienea mjini Mombasa kwamba mji ungeshambuliwa kwa nchi kavu na kwa bahari.

Kikosi cha Wavell kilikuwa miongoni mwa vile vya kwanza kukabiliana na msafara huo. Kilipigana Majoreni na kuuchelewesha, kisha kikarudi nyuma hadi Gazi, ambako askari wa King's African Rifles na wa Kihindi kutoka Jind waliletwa kuongeza nguvu. Tarehe 7 Oktoba Wajerumani walishambulia Gazi wakarudishwa nyuma. Mji ule mdogo wa mikoko na minazi, uliokuwa makao ya Mbaruk, ulisimama kati ya Mombasa na adui. Wavell mwenyewe alikuwa amejeruhiwa vibaya katika mapigano ya siku hizo, ikabidi atibiwe kabla ya kurudi kwa watu wake.

Mwishoni mwa mwaka Waingereza walisonga tena kusini hadi bonde la Umba na kuikalia Jasin, ng'ambo kidogo ya mpaka. Tarehe 18 na 19 Januari 1915 Paul von Lettow-Vorbeck aliishambulia ngome hiyo kwa nguvu nyingi, na waliokuwamo wakasalimu amri. Ushindi huo uliwagharimu Wajerumani maafisa wengi na risasi nyingi, lakini matokeo yake kwa Kwale yalikuwa makubwa: Waingereza, ambao pia walidhoofishwa na homa za malaria, waliliacha bonde la Umba mwezi wa Februari. Kwa muda wa mwaka mzima nchi iliyo kati ya Vanga na milima ya Shimba ikawa uwanja wa doria na mashambulizi ya kuvizia.

Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Mkulima wa Kidigo aliyekuwa na shamba lake kati ya kambi mbili hakujua usiku ungemletea askari wa upande gani. Akitoa chakula kwa huyu, yule humhesabu kuwa adui. Mpaka uliokuwa umekuwa mstari kwenye ramani sasa ulipita katika kila ua.

Kifo huko Mwele

Kambi ya Mwele Ndogo iliwekwa ili kuzuia njia za milimani zinazoelekea Mombasa. Tarehe 9 Januari 1916 Wavell, ambaye sasa alikuwa Meja, alitoka na watu wake kukabiliana na kikosi cha adui kilichokuwa karibu. Waliangukia katika shambulio la kuvizia, na yeye akauawa pamoja na baadhi ya askari wake. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu.

Wiki chache baadaye sura ya vita ilibadilika. Mnamo Machi 1916 Jan Smuts alianza kuingia himaya ya Wajerumani kupitia upande wa Kilimanjaro, na mwezi wa Julai Tanga ikachukuliwa. Kusini ya Mombasa hapakuwa tena mstari wa mbele. Lau Wavell angeishi miezi sita zaidi, pengine angeviona vita vikiondoka katika nchi aliyoilinda.

Mnara wa kumbukumbu yake na ya askari wake uliwekwa Mombasa, karibu na Fort Jesus. Vita vyenyewe viliendelea hadi Novemba 1918, vikala wapagazi wengi kuliko askari. Hesabu rasmi za upande wa Waingereza peke yake zinataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi kwa maradhi na uchovu, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wapagazi, limebaki Dar es Salaam kama ukumbusho wao.

Tathmini

Swali linalobaki ni hili: ushahidi wa Wavell una uzito gani kwetu? Pwani ya Waswahili ina mapokeo yake ya kuandika vita kwa kuviona au kwa kuwasikiliza walioviona. Muyaka bin Haji alizifuatilia kwa mashairi siasa na vita vya Mombasa ya wakati wake. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani vya mwaka 1888 na 1889. Abdul Karim bin Jamaliddini alifanya vivyo hivyo kuhusu Maji Maji. Washairi hao waliandika wakiwa ndani ya jamii iliyoumia, kwa lugha ya jamii hiyo, na wasomaji wao waliweza kuwasahihisha.

Wavell alikuwa tofauti. Aliandika juu ya watu ambao hawakujua kwamba wanaandikwa, kwa lugha ambayo wengi wao hawakuisoma. Hilo halifuti usahihi wa alichokiona Madina na Sanaa. Linatukumbusha tu kwamba shahidi wa vita hupaswa kuulizwa maswali mawili daima, yaani ameona nini, na wale aliowaona walipewa nafasi gani ya kujibu. Katika swali la kwanza Wavell anastahili sifa. Katika la pili hana jibu zuri.

Kinaya kikubwa cha maisha yake kiko Kwale. Mtu aliyeacha kurasa nyingi juu ya mzingiro wa mji wa mbali alikufa katika vita vya mpakani ambavyo hakupata muda wa kuviandika. Yaliyoandikwa juu ya Majoreni, Gazi na Mwele kwa sehemu kubwa yamo katika historia za kijeshi zinazohesabu makampuni na bunduki. Humo Mdigo huonekana kwa nadra, na Mshihiri aliyekufa kando ya kamanda wake huonekana kama idadi.

Hitimisho

Maisha ya Arthur Wavell yanaonyesha nguvu ya lugha na mipaka yake. Kiswahili kilimpa jina, kilimpa kinga na kilimpa rafiki wa safari, na ufahamu wa watu wa pwani ulimpa askari waliokubali kufa pamoja naye. Lakini lugha hiyo hiyo haikupata kutoka kwake ukurasa mmoja juu ya vita vilivyoikumba nchi yake.

Pengo hilo bado linaweza kupunguzwa. Kati ya Ukunda na Lungalunga, na katika vijiji vya milima ya Shimba, yapo majina ya mahali na masimulizi ya ukoo yaliyorithiwa kutoka kwa waliokimbia au kubebeshwa mizigo miaka ile. Vanga na Jasin zimetenganishwa na mpaka wa Kenya na Tanzania, lakini lugha inayosemwa pande zote mbili ni ile ile. Wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya nchi hizo mbili ndio wenye uwezo wa kuyakusanya masimulizi hayo kwa lugha yake, kabla wanaoyajua hawajatoweka wote.